Mdogo Wake Rubani

6 Februari

Kaka, shikamoo.

Nimefika, nimeanza kazi, na sijaanguka. Hilo la tatu ni la mama, msomee mara mbili.

Samahani kwa kukuletea karatasi badala ya sauti. Simu hapa hushika mtandao ukipanda juu ya tangi la maji, na mwenye tangi hapendi wapandaji. Barua ni rahisi zaidi: naitia kwenye mfuko wa posta wa kampuni, na ndege yetu wenyewe inaubeba Jumanne na Ijumaa.

Kuhusu kazi, usidhani ni kitu cha kutamanisha. Kampuni ni ndogo. Ina ndege tatu za injini moja, kila moja viti kumi na viwili. Mimi ni rubani msaidizi, maana yake asubuhi napima abiria na mizigo kwenye mizani, nafuta vioo, nahesabu mikanda, kisha nakaa kiti cha kulia na kusoma orodha kwa sauti huku Kapteni akiitikia kutoka kiti cha kushoto. Kapteni ni mkali kama pilipili kichaa. Neno "vizuri" hana. Akiridhika hunyamaza. Viwanja tunakotua ni vya udongo na vumbi tupu, jioni nikipiga chafya linatoka tope.

Juzi asubuhi tulitoboa mawingu, na kule juu kulikuwa na... Basi, mawingu ni mawingu, umeyaona.

Kwa hiyo miaka miwili ya chuo na leseni mpya kabisa, na kumbe kazi yenyewe ni ya utingo wa angani. Mwambie mama maji yapo.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Barua nimemsomea mama. Nilipofika kwenye vumbi, akakohoa yeye. Anasema ukikaa karibu na dirisha ulifunge. Nimemweleza kuwa dirisha la ndege halifunguliwi, akauliza, "Basi vumbi linaingilia wapi?"

Lakini mbona umeandika kama mtu aliyefungwa jela? Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa chini ya meza na vitabu vyangu vya urubani hata kabla hujajua kusoma vizuri. Mimi nilikwama kwa daktari wa marubani na kile kitabu chake cha madoa: yeye anaona namba nane, mimi naona choroko zilizomwagika. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Wewe ulivuka. Basi niambie vitu. Ndege inapoacha ardhi, tumbo linakwenda wapi? Unasikia nini miguuni? Usinihesabie mikanda.

Mtaani hakuna jipya. Bado wananiita Rubani kwa makelele niliyopiga zamani, na wewe mwenye leseni unaitwa Mdogo wake Rubani. Jana mzee wa duka la vipuri kamwambia mteja, "Mpe Rubani friji lako, atalirusha." Kazi ni nyingi msimu huu wa joto. Kuna mwalimu mmoja wa hesabu ambaye friji lake linaharibika kila Jumamosi. Nikifika linafanya kazi, nikiondoka linaharibika. Sijapata kuona kompresa ya namna hiyo.

Kampuni kubwa imetangaza kuwa inatafuta marubani vijana. Nimelikata tangazo, nimelitia humu. Lisome.

Kaka yako

3 Machi

Kaka, shikamoo.

Umeuliza ndege ikiacha ardhi nasikia nini. Nasikia joto. Nasikia pia harufu ya mafuta na ya mbuzi, maana wiki iliyopita tulibeba wawili ndani ya magunia, vichwa nje, wakitutazama kama wakaguzi. Miguuni nasikia kanyagio. Tumbo lipo pale pale.

Tunaruka siku sita kwa wiki, safari tano au sita kwa siku, za dakika ishirini ishirini. Dawa, chanjo, walimu, mafundi, wagonjwa. Kiwanja cha mlimani ndicho kigumu. Kimeinama: mwanzo wake uko chini, mwisho uko juu, na baada ya mwisho ni mwamba. Ukishaamua kutua, umetua. Jumatano tukiwa tunakishukia, Kapteni alinipiga kofi la mkononi. Ndiyo kazi.

Tangazo nimelisoma. Watajitokeza wengi, na mimi nina saa mia mbili na themanini tu za kuruka. Nitafikiria.

Usione wivu, kaka. Nataka kusema, hakuna cha kuonea wivu.

Mdogo wako

10 Machi

Kwa Bwana Kapteni,

Hunijui. Mimi ni kaka wa rubani wako msaidizi, na kwa kuwa baba yetu hayupo, ninayeandika kwa niaba ya nyumba ni mimi. Naandika kwa heshima.

Barua za mdogo wangu hazina furaha hata mstari mmoja, na katika ya mwisho ametueleza kuwa ulimpiga kofi ndege ikiwa hewani. Bwana, mama yetu ana mikono yenye nguvu na miaka yote hakuitumia kwa binti huyu. Ukali wa kazi naujua. Mimi ni fundi friji, mtu akitaka kushika waya wenye umeme simwombi radhi kwanza. Lakini mwanamume mzima kumpiga binti wa watu, tena mahali asipoweza hata kuondoka, hilo halina jina zuri.

Kama ana kosa, liandike. Kama huna haja naye, sema tuje tumchukue. Ujue pia nimeshatuma nakala za vyeti vyake kwa kampuni kubwa. Wakimwita, hutamwona tena.

Yeye hajui kuwa nimekuandikia.

Kaka yake, fundi friji

18 Machi

Ndugu Fundi,

Barua yako nimeisoma nikisubiri ndege ijazwe mafuta.

Mimi si bwana. Ni mama wa watoto watatu na bibi wa mmoja, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita kwenye kiti cha kushoto.

Kofi nililipiga. Nilimwagiza ashushe mabawa madogo ya kupunguzia mwendo, mkono wake ukaenda kwenye wenzo wa mafuta. Ukiuvuta huo, injini inazimika, na mbele yetu palikuwa na mwamba. Hapakuwa na nafasi ya sentensi. Tulipotua nilimwomba radhi, naye akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Tangu siku hiyo mkono wake haujakosea.

Sasa huyo unayenielezea, mwenye huzuni, simjui. Niliye naye mimi hufika uwanjani kabla ya mlinzi. Tukipanda huimba, tena vibaya, na siku moja aliacha redio wazi, watu wa mnara wakasikia kibwagizo chote. Kile kiwanja cha mlimani, marubani wawili waliomzidi umri walikataa kukirudia. Yeye ametua pale mara nne kwa mikono yake mwenyewe, na mara ya nne sikuwa na neno. Nimeshaiandikia ofisi kwamba akifikisha saa mia tano aanze mafunzo ya kiti cha kushoto.

Kwa nini anakuficha furaha, sijui. Nimeona watu wakificha maradhi na wakificha umri. Furaha bado. Muulize mwenyewe.

Kuhusu kuja kumchukua: ndege ipo Jumanne na Ijumaa. Mzigo wako upimwe mapema.

Kapteni

25 Machi

Mdogo wangu,

Safari hii salamu zitasubiri.

Nilimwandikia Kapteni wako kumgombeza. Nilimwita Bwana. Barua mbili hukuwahi kusema kuwa ni mama wa watu, na lugha yetu nayo haimsaidii mtu: "ni mkali," "alinipiga," utajuaje. Amenijibu. Barua yake hii hapa, isome kabla hujaendelea.

Umesoma? Wiki sita nimekuwa nikimsomea mama vumbi, joto na mbuzi. Ameanza kukaa mlangoni mchana kutwa, eti anapunga upepo, kumbe anasikiliza ndege zinazopita. Mimi nikiwa kazini kwa watu naweka bisibisi chini, nawaza mdogo wangu anateseka. Kumbe unaimba.

Sababu naijua. Unadhani mimi ni yai. Ulikaa ukapima, ukaona ukisema kweli nitapasuka, ukaamua kunilisha vumbi. Afadhali ungenitukana kuliko kunihurumia.

La pili ni kosa langu. Vyeti vyako nilivituma kampuni kubwa bila kukuuliza, nikidhani nakuokoa. Wamejibu. Umeitwa kwenye usaili tarehe 17 Aprili, saa tatu asubuhi. Amua mwenyewe. Mimi nimeshakuamulia vya kutosha.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka, shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni kweli. Nisamehe. Mama nitamwomba mwenyewe kwa mdomo, nitapanda tangi.

Siku uliyotoka kwa daktari nilikuwa na miaka kumi na minne. Uliingia, ukakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, ukavua kiatu kimoja polepole, halafu ukabaki na kimoja mguuni muda mrefu sana, umekiinamia. Mama akauliza, "Vipi?" Ukasema, "Jirani alisema friji lake lina shida gani?" Na siku ile ile ukaenda kulitengeneza. Hukulia. Mimi sikuacha kukutazama. Nilipopata leseni nikajiapiza kwamba kitu hiki sitakutupia usoni.

Sasa nakujibu uliyouliza. Ndege ikianza kukimbia, vijiwe vinapiga chini ya sakafu, kila kitu kinatetemeka, meno, mikanda, kalamu mfukoni. Halafu magurudumu yananyamaza. Injini bado inanguruma, lakini chini pamekatika, na miguu inajua kabla ya kichwa. Tumbo linabaki nyuma kidogo, kisha linakukimbilia. Na ile asubuhi niliyoikata katikati, kule juu ya mawingu kulikuwa na kivuli cha ndege yetu juu ya wingu jeupe, kidogo kama kidole, na pete ya rangi imekizunguka. Kapteni akasema, "Tazama upesi, haikai." Nikakukumbuka. Rangi zake ungezikosea, lakini pete ungeiona.

Usaili nitakwenda. Ndege yao kubwa ndiyo uliyokuwa ukiichora kwenye daftari, mabawa kwa rula. Nikivaa sare yao itakuwa kama umevaa wewe. Kapteni amenipa ruhusa bila kusema kitu. Kimya kile sijui kama kilikuwa cha kuridhika.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu, marahaba. Na marahaba nyingine, ya safari iliyopita, niliyokunyima.

Barua yako nimeisoma peke yangu kwanza, kisha nimemsomea mama, kisha mtu mwingine nitakayemtaja.

Tuanze na kiatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na fundo, likakataa kufunguka. Nusu ya huzuni uliyoiona siku ile ilikuwa ni kamba.

Nusu ya pili ilikuwa kweli. Niliumia mwaka mmoja, pengine na nusu. Halafu siku moja nilikuwa nimelala chali nyuma ya friji la dawa la hospitali, watu wamenizunguka, kila mtu na ushauri wake. Nilipoliwasha likanguruma, muuguzi mmoja akaliwekea kiganja na kulipapasa kama ng'ombe aliyezaa salama. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Tangu hapo sijatamani kuwa mahali pengine. Nyaya nazipima kwa kipimo, rangi zake hazinihusu.

Kwa nini sikukwambia? Nilidhani hamu yangu ndiyo inayokusukuma. Nikiri kwamba mimi nimeshatua, halafu wewe uishiwe mafuta hewani? Basi nikaendelea kukata matangazo na kuuliza habari za tumbo. Sote wawili tumekuwa tukimbembeleza yule Rubani wa zamani, ambaye ameshaondoka.

Huyo mwingine aliyesomewa ni mwalimu wa hesabu. Friji lake ni zima. Limekuwa zima tangu Novemba. Tunaoana mwisho wa mwaka, Mungu akipenda, na anasema hesabu za wifi yake wa baadaye kuhusu mimi zilikuwa na kosa tangu mstari wa kwanza.

Usaili nenda. Ila usivae sare kwa niaba yangu, mabega yetu hayalingani. Waulize watakufunga miaka mingapi na utakaa kiti gani. Muulize na Kapteni. Kisha jiulize wewe, asubuhi, ukiwa hujachoka.

Kaka yako

24 Aprili

Kaka, shikamoo. Na wifi nisalimie, mwambie nimeukubali mstari mwekundu wa kalamu yake.

Usaili ulikuwa kwenye chumba chenye meza ndefu na baridi ya mashine ambayo wewe ungeisifia. Walikuwa watu watano. Kwanza walinitia kwenye mashine ya kuigiza safari, wakanizimia injini moja, nikatua. Kisha mmoja akauliza, "Kwa nini unataka kufanya kazi na sisi?" Jibu nilikuwa nimelikariri njia nzima. Nikafungua mdomo, kikatoka kiwanja cha mlimani: jinsi unavyokipitia mara moja juu kwanza kutazama kama kuna ng'ombe, jinsi watu wa zahanati wanavyopunga shuka ukielekea vibaya na upepo. Mwenye miwani akanikatiza. "Binti, unaomba kazi yetu au unatusifia yako?" Wakacheka, nami nikacheka.

Hata hivyo wamenichukua. Mkataba ni wa miaka sita, kiti cha kulia karibu muda wote. Ni kazi nzuri, kaka, siwezi kuisema vibaya. Niliomba siku tatu za kufikiri.

Nikamuuliza Kapteni. Alikuwa anafuta kioo. Akasema, "Ningekuwa na umri wako ningekwenda."

"Mbona wewe hukwenda?"

"Sikuitwa. Usinifanye mfano."

Jibu hilo lilinikalia siku nzima. Nilikuwa nataka aniambie nibaki, nipate wa kumlaumu baadaye. Nikaamka asubuhi kama ulivyosema. Ile ndege kubwa naitaka, sikufichi tena kitu. Lakini naitaka nikiwa nimeshajua kuamua mwenyewe wapi pa kutua, na lini niseme hapana nigeuze. Kule nitajifunza kufuata vizuri. Hapa nitajifunza kuamua, nikiwa na mtu kando yangu wa kunipiga kofi. Hao wakubwa wanataka marubani kila baada ya miaka michache. Mwamba wa mlimani na Kapteni sitavipata pamoja tena, yeye anastaafu mwakani.

Nimewaandikia kuwashukuru. Wamejibu mistari miwili: naweza kuomba tena, hawaahidi chochote. Jana niliona nimekosea. Leo sioni hivyo. Huenda kesho nikaona hivyo tena.

Kapteni nilipomwambia alisema, "Mjinga." Kisha akaniachia nitue mara zote sita siku hiyo.

Mdogo wako

22 Julai

Kaka, shikamoo.

Kwa haraka, mfuko wa posta unafungwa. Nimepita mtihani. Wiki ya tatu sasa nakaa kushoto, na Kapteni yuko kulia, mikono magotini, ananichungulia kama mama mkwe jikoni.

Friji la chanjo la zahanati ya mlimani limekufa. Chanjo zimehamishiwa kwenye masanduku ya barafu, na barafu haikai. Fundi wa karibu yuko mwendo wa siku mbili kwa gari. Daktari ameniuliza kama namjua mtu, nikasema namjua mmoja ambaye hajawahi kupanda ndege. Njoo Ijumaa ya tarehe 31. Uje na vifaa vyako vyote, nitavipima mwenyewe.

Mdogo wako

6 Agosti

Mdogo wangu, marahaba.

Nimefika nyumbani salama, na mama amenishika uso pande zote mbili kukagua kama nimerudi kamili. Hukupata nafasi ya kuniuliza safari ilikuwaje, maana kwenda ulikuwa umenipa mgongo, na jioni ile ulikuwa na abiria wengine wa kuwahisha. Kwa hiyo nakuandikia.

Friji kwanza. Panya alikuwa ametafuna waya, na kiwashio cha kompresa kimeungua. Kwa muda wa saa nne nilikuwa chini sakafuni. Lilipoanza kunguruma daktari alikwenda moja kwa moja kuleta masanduku yake. Ofisi yao imeniomba nipitie zahanati nne nyingine kabla ya mvua. Nimekubali, ingawa ukisoma yanayofuata utashangaa.

Tulipoondoka kwenda mlimani nilikuwa kiti cha tatu, nimefunga mkanda mpaka pumzi inapita kwa ubavu. Vijiwe vikapiga, meno yakatetemeka, magurudumu yakanyamaza, yote kama ulivyoandika. Tumbo likabaki nyuma. Ila langu halikunikimbilia. Nilijaza mfuko wangu wa karatasi, nikaomba wa jirani, nikaujaza na huo. Mtu aliyelilia kuendesha ndege tangu utoto. Nilikuwa nacheka na kutapika kwa zamu, na nikamwombea heri yule daktari na kitabu chake cha madoa, kwamba alinisitiri mbele ya watu wengi.

Jirani aliyenipa mfuko alikuwa mama mmoja aliyepanda na mtoto mchanga mgongoni, sasa kamweka mapajani. Akaniuliza, "Mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Pole. Tukianza kushuka ufumbe macho, kiwanja chetu kinatisha. Lakini usihofu, leo anaendesha yule binti. Mimi nikija na mtoto huuliza kwanza kama yumo."

Nikatazama mbele. Nilikuona kisogo tu, na mkono wako wa kulia, umetulia kabisa.

"Unamfahamu?" akaniuliza yule mama.

Nikasema simfahamu, ili aendelee. Akanieleza habari zako mpaka magurudumu yakagusa chini.

Kaka yako